Rangi na Saa ya Tezi

Nasema hasa na wafugaji wa Gatongora, na wenzao wa Ruiru yote hadi kufika Thika, ambao kila kunapopambazuka huwa wamekwisha kukamua na kuipeleka mikebe ya maziwa barabarani kungoja gari. Maneno yangu ya leo ni ya ilimu ya vitu vidogo mno, visivyofikiwa na jicho tupu, yaani namna mabingwa wanavyozitia rangi seli za tezi ili wapate kujua tezi hufanyaje kazi yake ya kutoa mate, au maziwa, au ute wowote mwingine. Huenda mtu akauliza, yanamhusu nini haya mwenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba yake? Yanamhusu sana, kwani katika kaunti yetu hii ya Kiambu, pale Muguga, na kwa jirani zetu wa Kabete, ilimu hiyo ilitumiwa kuichunguza tezi ya mate ya kupe, na yaliyoonekana humo ndiyo yaliyotufundisha ni saa gani ng'ombe yuko salama na ni saa gani yumo hatarini.

Tezi ni kiungo kinachochukua maji na chumvi na chakula kutoka katika damu, kikatengeneza kwavyo kitu kipya ambacho damu haikuwa nacho, kisha kikakitoa nje kwa wakati wake. Kiwele cha ng'ombe ni tezi. Na tezi vilevile ni vile viungo vitoavyo mate chini ya ulimi, na vitoavyo machozi juu ya jicho, na kongosho iliyojificha nyuma ya tumbo, ambayo humimina katika utumbo maji ya kuyeyushia nyama na mafuta. Tangu kale watu walikijua kinachotoka, maana walikinywa, walikifuta au walikitema. Lakini yanayotendeka ndani kabla ya kutoka yalikuwa siri, kwa sababu seli ikiwekwa chini ya hadubini bila ya kutiwa kitu, nuru hupenya moja kwa moja, na jicho halioni ila ukungu na mipaka hafifu.

Mlango ulifunguliwa na rangi. Mwaka wa 1856 kijana wa Kiingereza, William Henry Perkin, aliyekuwa akitafuta namna ya kutengeneza kwinini, alipata badala yake rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na baada yake viwanda, hasa vya Ujerumani, vikatoa rangi za kila namna za kutia nguo. Wanazuoni wa tiba wakazichukua rangi hizo, wakazijaribu juu ya vipande vyembamba vya viungo, wakagundua jambo kubwa, nalo ni kwamba seli haipokei kila rangi mahali pote. Kiini chake, ambacho kina asidi, huzivuta rangi zenye asili ya besi, kama vile buluu ya methilini. Na sehemu nyingine nyingi za seli huzivuta rangi zenye asili ya asidi, kama vile eosini nyekundu. Kwa hiyo rangi mbili zikitiwa kwa kipimo na kwa muda unaostahili, kila moja huenda ikakaa mahali pake, na seli iliyokuwa ukungu mtupu hujipambanua dhahiri shahiri, kiini peke yake, na punje zilizo ndani yake peke yake, na mpaka wake peke yake.

Hata hivyo palibaki mushkili mmoja. Tezi ikikatwa na kugandishwa kwa dawa ili itiwe rangi, imekwisha kufa, na kilichokufa hakifanyi kazi. Vipi basi mtu ataiona kazi katika kitu kilichosimama? Jawabu lilitolewa mwaka wa 1875 na Rudolf Heidenhain, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Breslau. Yeye alichukua kongosho za mbwa waliokaa na njaa, na kongosho za mbwa waliolishwa, akazigandisha kwa saa mbalimbali baada ya kula, akazitia rangi, kisha akazipanga kwa taratibu ya saa zake. Katika mbwa mwenye njaa alizikuta seli zimejaa punje upande wa mfereji. Saa chache baada ya chakula, punje zimepungua na seli zimenywea. Na saa nyingi zaidi zikipita, punje zimerudi kama zilivyokuwa. Hakuna hata seli moja aliyoiona ikitikisika, na walakini mwendo wote wa tezi, kutoka kujaa hata kumimina hata kujaa tena, ulikuwa mbele ya macho yake. Naomba msikilizaji aishike hikima hiyo, maana maneno yangu yote yaliyobaki yanasimama juu yake: rangi hutuonyesha mahali, na saa hutuonyesha kazi, na moja bila ya nyingine haitoshi.

Baada ya Heidenhain wakaja wengine. Camillo Golgi wa Italia, akitumia chumvi za fedha, alionyesha mwaka wa 1898 wavu mdogo ndani ya seli za mishipa ya fahamu, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Na mwaka wa 1923 Mrusi Nassonov, akitumia osmiamu iliyoutia wavu huo weusi, alishuhudia kwamba punje za tezi huzaliwa karibu nao, akasema hapo ndipo penye kazi ya utoaji. Wengi walibisha miaka mingi, wakidai kwamba wavu wenyewe ni kosa la dawa, mpaka hadubini ya elektroni ilipokuja kuusimamisha ushahidi, na George Palade, aliyeifuata njia ya protini hatua kwa hatua ndani ya seli za kongosho, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1974 pamoja na wenziwe wawili, Albert Claude na Christian de Duve.

Sasa tuingie zizini. Maradhi ya ng'ombe yaitwayo homa ya pwani ya mashariki, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita ndigana kali, yanajulikana na kila mfugaji wa hapa: baada ya juma moja au mawili tangu kuumwa na kupe mwenye vijidudu, tezi za limfu zilizo chini ya sikio huvimba, homa hupanda kupita digrii 40, ng'ombe huacha kula na maziwa hukatika, na mwisho hupumua kwa taabu huku povu likimtoka puani, mpaka akafa. Ng'ombe wa gredi, ambao ndio tegemeo la ada za shule katika nyumba nyingi za Gatongora, hawana nguvu nyingi za kuyahimili. Bingwa Robert Koch aliviona vijidudu hivyo katika damu ya ng'ombe alipokuwa Dar es Salaam mwaka wa 1897 na 1898, akavidhania kuwa ni sura nyingine ya maradhi ya mkojo mwekundu. Na jina la pwani lilikuja baadaye kidogo, pale ng'ombe waliosafirishwa kutoka mwambao wetu na kushushwa Beira walipoyapeleka maradhi hayo Rhodesia. Mwaka wa 1904 Charles Lounsbury, huko Afrika Kusini, alithibitisha kwamba anayeyaeneza ni kupe wa kahawia, yule mwenye kupenda kukaa masikioni; na mwaka huohuo Arnold Theiler akaeleza ya kwamba kijidudu chenyewe ni cha namna ya peke yake, na leo kinaitwa Theileria kwa jina lake.

Kupe huyu hunywa damu mara tatu tu katika umri wake, kila mara juu ya mnyama mwingine, na kati ya mara na mara huanguka chini akajivua ngozi. Akinyonya vijidudu utotoni kutoka kwa ng'ombe mgonjwa, huvihifadhi mpaka ajivue, kisha huviambukiza katika mlo wake unaofuata. Navyo havitoki tumboni mwake. Hutoka katika tezi zake za mate. Na mate ya kupe si kitu cha kudharauliwa. Kwa mate hayo hujibandika ngozini kwa ute unaoganda mithili ya saruji, kwa mate hayo huizuia damu isigande, na kwa mate hayo huyarudisha ndani ya ng'ombe maji ya ziada ya damu aliyoinywa, ili abaki na chakula kizito peke yake. Tezi inayofanya kazi nyingi namna hiyo lazima iwe na seli za aina nyingi, na kijidudu kinachotaka kusafiri katika mate lazima kichague ni seli ipi kitakayoipanda.

Hebu tutazame kwa karibu jinsi tezi hiyo inavyofunuliwa. Mtaalamu humlaza kupe juu ya nta, ndani ya maji ya chumvi, akamkata pembezoni mwa gamba la mgongo kwa wembe mwembamba, akaliinua gamba. Kisha kwa koleo ndogo huutenga utumbo wenye damu nyeusi, na kando zake, kushoto na kulia, huziona tezi mbili nyeupe, vifuko vyake vidogo vimeshikamana kwenye vimifereji kama matunda ya kahawa kwenye tawi. Huzitoa bila ya kuzipasua, akazigandisha kwa mchanganyiko wa spiriti na asidi ya siki, akazichovya katika asidi ya haidrokloriki kwa muda uliopimwa, kisha akazitia katika maji ya Schiff, ambayo hayana rangi yoyote ya kuonekana. Hapo ndipo penye ajabu ya njia hii, aliyoivumbua Robert Feulgen huko Ujerumani mwaka wa 1924: asidi ile huifungua dutu ya urithi iliyo katika viini vya seli, na maji yale yasiyo na rangi yakiigusa dutu hiyo iliyofunguliwa, na hiyo peke yake, hugeuka kuwa na wekundu wa zambarau. Kifuko kisicho na maradhi huonyesha nukta chache za viini vyake vya kawaida. Kifuko chenye maradhi huonyesha donge zima limekoza rangi, kwa sababu ndani ya seli moja kijidudu kimejigawa mara zisizohesabika, na kila sehemu ina kiini chake. Mwaka wa 1973 mabingwa Blewett na Branagan walieleza namna ya kuitia tezi nzima rangi hiyo, bila ya kuikata vipande, hata mtu akaweza kuvihesabu vifuko vyote vyenye maradhi katika kupe mmoja kwa mtazamo mmoja wa hadubini.

Naye Don Fawcett, bingwa wa Kimarekani ambaye kitabu chake cha ilimu ya seli kimesomwa na madaktari wa dunia nzima, alipokwisha kustaafu Chuo Kikuu cha Harvard hakwenda kupumzika. Alikuja Kabete, katika maabara ya kimataifa ya maradhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka wa 1973, akakaa miaka ya mwanzo ya 1980 akiichunguza tezi ya mate ya kupe huyu wa kwetu kwa hadubini ya elektroni, ambayo badala ya rangi hutumia metali nzito, kama vile osmiamu, urani na risasi, ili kuonyesha weusi na weupe wa seli. Yeye na wenzake, Büscher na Doxsey, walieleza kwamba kati ya vifuko vya aina mbalimbali vilivyomo katika tezi hiyo, kijidudu huingia vile vya aina ya tatu, na ndani ya vifuko hivyo huchagua seli za namna moja, na seli iliyoingiwa huvimba kupita kiasi, hata ikawa ghala ya makumi ya maelfu ya vijidudu vilivyo tayari kuambukiza. Mzee wa daraja yake kukaa juu ya tezi ya kupe wa Kiambu, kwa bidii ileile ambayo wengine waliitumia juu ya kongosho, ni heshima kubwa kwa mifugo yetu, na ni fundisho kwamba hakuna kiumbe kilicho duni mbele ya ilimu.

Lakini fundisho lenye manufaa zaidi ni lile la saa, ambalo ni lilelile la Heidenhain na mbwa wake. Mabingwa walipowatoa kupe masikioni mwa wanyama siku mbalimbali, yaani wengine kabla ya kunyonya, wengine baada ya siku moja, au mbili, au tatu, au nne, wakazitia rangi tezi zao na kuzipanga kwa taratibu ya siku, waliona kwamba kupe mwenye njaa, ajapokuwa na maradhi, aghalabu hana kijidudu kilichoiva. Kijidudu kimelala ndani ya seli, kinangoja. Kupe akijibandika na kuanza kunyonya, tezi huamka kwa kazi yake ya kutengeneza mate, na kijidudu nacho huamka pamoja nayo, kikajigawa upesi. Na ni baada ya siku tatu au nne hivi ndipo vijidudu vilivyoiva humiminika katika mate kuingia kwa ng'ombe. Zamani, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Watkins-Pitchford huko Natal alikwisha kuona kwa kujaribu majosho yake kwamba ng'ombe wanaooshwa kila baada ya siku chache huokoka. Rangi ikaja kueleza kwa nini. Kupe anayekufa kabla ya tezi yake kuiva hakumdhuru ng'ombe ila kwa damu ndogo aliyoinywa.

Na saa hiyohiyo ya tezi ndiyo iliyotumiwa kutengeneza chanjo. Katika miaka ya 1970 mabingwa wa shirika la uchunguzi wa maradhi ya wanyama la Afrika ya Mashariki, pale Muguga, waliwalisha kupe juu ya ng'ombe wagonjwa, wakawangoja wajivue, wakawaweka juu ya masikio ya sungura kwa siku zile chache zinazotosha tezi kuiva, kisha wakawasaga, wakayachuja maji yake, wakayahifadhi katika naitrojeni ya maji yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Tezi za kupe wachache huondolewa kwanza na kutiwa rangi, ili ijulikane vifuko vingapi vina vijidudu, maana bila ya hesabu hiyo mtu hawezi kujua nguvu ya dawa aliyonayo mkononi. Ng'ombe hudungwa vijidudu hivyo vilivyo hai, na papo hapo hudungwa pia oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu, akapata maradhi hafifu, akabaki na kinga ya miaka mingi. Chanjo hiyo huchanganywa namna tatu za vijidudu, na wa Kiambu afahamu kwamba mbili kati yake zina majina ya kwetu: moja ni Muguga, nyingine ni Kiambu 5, na ya tatu ni ya Serengeti.

Wasikilizaji wangu, nimefika mahali pa kusema lililonileta. Gatongora ya leo si ile ya malisho mapana. Mashamba yamegawanywa viwanja, nyumba za ghorofa zimeota palipokuwa na mibuni, na ng'ombe amefungiwa bandani, akiletewa majani kutoka kando ya barabara na kingo za mito. Wengi wamejituliza moyo kwa kusema kwamba ng'ombe asiyetoka hapati kupe. Kupe huletwa katika furushi la majani, ndugu zangu, na huletwa na ndama aliyenunuliwa sokoni. Kwa hiyo masikio ya ng'ombe yapapaswe angalau mara mbili kwa juma, ndani na nyuma, na dawa ya kupe itiwe kwa kipimo kilichoandikwa. Maana tumekwisha kuona kwamba siku tatu ndizo zinazotenganisha kupe wa kuudhi na kupe wa kuua.

Na ng'ombe akipatwa na homa, na tezi iliyo chini ya sikio ikivimba, tafadhali msikimbilie sindano kwa kukisia. Ndigana kali, na mkojo mwekundu, na maradhi ya nyongo, yote huja na homa, na kila moja lina dawa yake. Oksitetrasaiklini inayosaidia maradhi ya nyongo haimponyi mwenye ndigana iliyokwisha kupanda, na siku mbili zilizopotea kwa dawa isiyofaa ndizo siku ambazo buparvakwoni, dawa ya ndigana yenyewe, ingemwokoa. Daktari wa mifugo ana njia iliyo rahisi. Huichoma tezi ile iliyovimba kwa sindano tupu, akatoa tone, akalipaka juu ya kioo, akaliacha likauke, akaligandisha kwa spiriti ya methili, kisha akalitia rangi ya Giemsa, ambayo Gustav Giemsa wa Hamburg aliitangaza mwaka wa 1904, na ambayo ni ndoa ya buluu ya methilini na eosini. Baada ya nusu saa hivi na kusuuza kwa maji, kioo huwekwa chini ya hadubini, na kama maradhi ni ndigana, ndani ya seli nyeupe za ng'ombe huonekana vidonge vya buluu vyenye nukta za wekundu wa zambarau, vinavyoitwa vidonge vya Koch. Hapo ubishi umekwisha. Gharama ya kioo ni ndogo sana ikilinganishwa na thamani ya ng'ombe, na karibu na sisi hapa, Kabete, pana watu wenye ujuzi wa kukisoma.

Neno langu la mwisho ni kwa vijana wetu. Wengi wenu mnapita kila siku mbele ya vyuo vikuu vilivyo kando ya barabara kuu ya Thika, mkidhani ya kwamba ilimu ya kutia rangi seli ni kazi ya watu wa mbali, ilhali tezi ya kupe wa hapa ilifunuliwa papa hapa, na tezi nyingine nyingi za wanyama wetu bado zinangoja mkono mtulivu na jicho lisilochoka. Nendeni mkajifunze kazi hiyo, kwani nchi ina haja kubwa ya watu wanaojua kupaka kioo sawasawa na kusoma wanachokiona bila ya kuongeza wala kupunguza. Nanyi wafugaji, kesho asubuhi mtakapokwisha kukamua, papaseni masikio ya ng'ombe kabla ya kumfungulia. Na siku atakapougua, mwambieni daktari atoe kioo kwanza, sindano ifuate.